Koini Ziko Kwa Kufuli, Kizito Yuko Kwa Mlango

Jumatano, Kitale. Mvua imeanza kabla nifungue duka, ile rasharasha ya kukera, hailoweshi mtu vizuri na haiachi. Mudi yangu ni ya kuku amefungwa miguu akawekwa chini ya kiti. Naona kila kitu, siendi mahali.

Kabla niendelee, majina yote hapa nimebadilisha. Rispa si Rispa, Kizito si Kizito, na kama wewe unanijua kwa sura, tafadhali jifanye hunijui. Mambo ya siri nimejifunza mwezi huu, na nimejifunza kwa njia mbaya.

Mimi nauza chaja, kava na hedifoni. Duka yangu upana wake ni wa jeneza ya mtu mnene. Mlango ni mmoja, na mbele ya mlango kuna kiti ya wateja. Mtu akikaa kwa hiyo kiti, mimi sitoki mpaka asimame. Hiyo kiti nilinunua mwenyewe na pesa yangu. Sina wa kulaumu.

Lakini chaja haziwezi lipa nyumba. Kazi yenye inalipa nyumba ni koini.

Wacha nieleze pole pole, maana hata mimi nilielezwa mara mingi ndio ikaingia. Watu wetu wengi wako Arabuni, wanafanya kazi za nyumba. Kutuma pesa kwa njia ya kawaida inakatwa sana, na lazima uende kupanga foleni siku ya ofu, ya kupumzika, na mdosi wako, mwenye nyumba, hiyo ofu hakupei. So dada yetu anatafuta mtu huko anamuuzia dola za simu, zile koini moja ni sawa na dola moja kila siku. Ananitumia kwa waleti yangu, ile pochi ya koini kwa simu. Mimi naingia kwa kampuni moja ya mtandao, naziuza, natoa shilingi, natuma kwa simu ya mamake kijijini. Nabaki na ya soda. Siku zingine soda na mandazi.

Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini hii kitu naielewa kuliko nilivyoelewa hesabu ya sehemu.

Nilidhani naielewa.

Rispa ni mjane. Bwanake alikuwa rafiki yangu wa kuiba miwa, tumekua pamoja huko nje ya Kanduyi, Bungoma. Alipofariki, Rispa alienda Arabuni, watoto wawili akaacha hapo bomani kwa wakwe. Kila mwezi ananitumia mara mbili. Ile ndogo inaenda nyumbani, kwa simu ya Kizito, shemeji yake mkubwa, ya chakula na shule. Ile kubwa inaenda kwa waleti yangu ya pili, halafu natuma kwa mama mmoja wa Kiminini, mji jirani, mwenye anamuuzia ploti ya kujenga. Ploti ya Rispa, na jina ya Rispa. Hiyo tulijua watu wanne tu: Rispa, mamake mwenye anakaa kijiji inaitwa Kwanza, mwenye ploti, na mimi mdomo kubwa.

Sikusema mtu. Hiyo naweza apa. Mdomo ilikaa vizuri. Ni kidole ndio ilikosea.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita baba mkwe wa Rispa alifariki. Sisi huku tukiwa na matanga kuna grupu ya mchango kwa simu, na sheria ya grupu kila mtu anaijua: ukituma kitu yako, unaweka na ile meseji ya kuthibitisha, watu waone. Ndio siku ya mazishi MC akisimama na maiki kusoma majina, hakuna mtu atasema ametuma na hakutuma. Mchango wa Rispa ulipitia kwangu, kwa koini. So meseji ya simu ilionyesha jina langu. Mimi nikaandika, "Hii ni ya Rispa." Watu wakaanza. Mmoja akasema ati Rispa amesahau kwao. Mwingine ati Simi, ndio mimi, anajichangia kwa jina ya mwanamke. Halafu Kizito mwenyewe akaandika, "Ushahidi iko wapi?"

Ikaniuma. Huyo mama amelia peke yake kwa jikoni ya watu, ametuma, na bado anaitwa mwongo.

Basi nikachukua linki ya ile malipo nikaitupa kwa grupu. Nikaandika, "Bonyezeni mjionee, wapendwa."

Wakabonyeza.

Hapa ndio sikujua blokcheni, ile daftari ya wazi koini zote huandikwa, ni mnyama gani. Nilidhani ile linki ni kama risiti, unaona kitu moja na unafunga. Kumbe blokcheni ni kama huyo MC wa matanga, lakini hana adabu. Hasomi tu mchango wa leo. Ukimshika kwa mkono anakusomea yote umewahi kutoa tangu uzaliwe, na kwa nani, na maiki haizimwi. Haandiki jina, ndio, anaandika tu namba ndefu kama ya mlevi akibonyeza simu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia hiyo namba ni ya nani. Nilipatia MC jina.

Binamu yao mmoja anafanya kazi sayba, duka ya kompyuta, Bungoma mjini. Alibonyeza hapo, akabonyeza pale, jioni akawapigia. Kila mwezi kuna ndogo. Kila mwezi kuna kubwa. Ndogo tunaijua. Kubwa huenda wapi?

Tangu hiyo siku Kizito alitangaza watoto hawatoki bomani hata kwenda dukani mpaka mama yao ajieleze. Shule zimefungwa, kukhu wao, nyanya wa huko Kwanza, mamake Rispa, alikuwa awachukue likizo kama kila mwaka. Akakatazwa kwa simu.

Nimefanya hiyo mimi. Na kidole moja.

Halafu kana kwamba shida huwa zinaitana, wiki jana kampuni ya mtandao ikafunga akaunti yangu. Sheria mpya za koini zimetoka, kila mtu sasa anaogopa leseni, na wao wanataka kujua pesa ni za nani. Si ubaya. Kuna wezi wengi huko, hata mimi nimewahi tumiwa meseji ati nimeshinda gari. Lakini malipo ya mwisho ya ploti yako ndani ya hiyo akaunti, na mama wa Kiminini ameshapata mnunuzi mwingine. Amesema anangoja mpaka mwisho wa wiki, kwa heshima ya Rispa tu.

Kampuni imeniwekea maswali kwa skrini. Mtumaji ni nani. Ni nani yako. Pesa ni ya kufanya nini, weka ushahidi. Mpaka hapo sawa. Rispa ana picha ya pasipoti kwa simu yake, ingawa pasipoti yenyewe iko kwa kabati ya mdosi. Mkataba wa ploti uko. Halafu chini wameandika: tutawasiliana na mpokeaji aliyeandikishwa ili kuthibitisha.

Mpokeaji aliyeandikishwa wa Rispa ni nani? Niliandikisha mimi, siku ya kwanza, bila kufikiria.

Kizito.

Ona sasa. Nikisema ukweli kwa kampuni, wanapigia Kizito wanamuuliza kama anajua ploti ya Kiminini. Nikinyamaza, ploti inaenda. Nikidanganya, nimedanganya kampuni iko na rekodi ya kila kitu nimefanya. Nilikaa na hiyo skrini siku nyingi, nafungua nafunga, kama mtu anaangalia friji haina kitu.

Leo asubuhi nimefungua duka, nimetundika kava, nikainama kuchomeka spika. Kuinua kichwa, Kizito amekaa kwa kiti.

Ametoka Bungoma na giza. Viatu vina matope, kofia imelowa.

"Simi, mimi sijakuja na vita," akasema. "Nimekuja kukaa."

"Karibu, ndugu yangu. Lakini hiyo ni kiti ya wateja. Nunua hata kava."

"Simu yangu ni ya kitambo sana. Haivai kava." Akavua kofia akaikamua mlangoni. "Nitakaa hapa mpaka uniambie hiyo kubwa huwa inaenda wapi."

Na akakaa. Mnajua vile watu wetu hukaa. Hakunitusi, hakupaza sauti. Mgeni ametoka mbali, amenyeshewa, ni mkubwa wako, utamwambia toka? Nikaagiza chai. Nikaagiza chapati. Yeye anakunywa, anaangalia mvua, baada ya muda anauliza tena, taratibu, kama mtu anauliza saa.

"Ni mwanaume?"

"Si mwanaume."

"Basi ni wewe."

"Mimi? Kizito, niangalie. Hizo pesa zingekuwa zangu ningekuwa na hii tumbo ya ugali na chai ya strungi?"

Akacheka. Hiyo ndio shida ya Kizito, ni mtu mzuri. Angekuwa mbaya ningejua pa kushika. Mteja mmoja akaja kuuliza chaja, Kizito akamtajia bei mimi sijawahi thubutu kutaja, na mteja akalipa. Akanipatia pesa juu ya bega bila kugeuka.

Mimi ndani nilikuwa nawaka. Ukuta huku, ukuta kule, Kizito mbele, na kwa mfuko simu iko na maswali ya kampuni. Hata choo nilikuwa naihitaji tangu chai ya kwanza. Mtu wa mizaha huwa na shida moja: watu wakimwona anacheka wanadhani yuko sawa. Nilikuwa nacheka na nimekwama kabisa, kama mguu kwa matope ya Kwanza wakati wa kupanda mahindi.

Nikamwandikia Rispa chini ya kaunta. Nikamwambia Kizito yuko hapa, amekaa, haendi, nifanye nini, nimfukuze aje?

Jibu ikaja. Nimeisoma nikasahau hata choo.

"Usimfukuze. Kaa na yeye. Mama ametoka Kwanza alfajiri anaenda kuchukua watoto. Mama mkwe amekubali, mwenye anakataa ni Kizito peke yake. Shikilia huyo mtu hapo."

Wueh.

Asubuhi yote nilikuwa naomba Mungu huyu mtu aende. Sasa ni mimi sitaki asimame. Na ndio akaanza kupiga miayo, anaangalia nje, anasema, "Hii mvua ikipungua wacha nirudi, nitakuja kesho."

"Utaenda aje na hujakula?" nikasema. Nikaita chapati zingine mbili. Nikaongeza maharagwe. Nikamuuliza habari ya ng'ombe. Kizito ukimuuliza ng'ombe umemfungulia bomba. Akanieleza huyo wa madoa, vile alizaa, vile alikataa ndama, vile daktari alikuja na daktari mwenyewe akapigwa teke. Mimi naitikia, "Kweli? Enhe? Na mguu gani?" Sijawahi penda ng'ombe hivyo maisha yangu yote.

Akasimama kujinyoosha, nikamwambia anisaidie kuangalia duka kidogo niende choo. Nilijua hawezi acha duka ya mtu wazi. Nimeenda choo polepole kama bwana harusi.

Niseme ukweli, sikujiskia vizuri. Huyo mtu aliniamini na droo ya pesa na mimi nilikuwa namzuia kama mbuzi. Lakini kila nikifikiria kusema, naona wale watoto wawili, mdogo ana sura ya babake kabisa, ile ya kuiba miwa. Mama yao anawasha simu huko usiku anaambiwa hawawezi kuja kuongea. Na hiyo ilitokana na linki yangu.

Chapati ya tatu ilikuwa imefika nusu ndio meseji ya kukhu ikaingia. Huyu mama huandika kama telegramu. "Tumevuka Kiminini. Wanataka soda."

Sijajibu. Rispa alikuwa amepata yake pia, maana simu yangu ikaita hapo hapo. Akaniambia, "Weka sauti kubwa. Patia shemeji."

Nikaweka simu kwa kaunta kati yetu. Nikajifanya napanguza vumbi.

"Shemeji, habari ya huko?"

Kizito akaweka kikombe chini. "Rispa! Wewe ndio tunatafuta."

"Mimi niko. Skiza, usiulize Simi tena. Hiyo kubwa ni ya ploti. Yangu na watoto."

"Ploti ya nini na boma iko?"

"Boma ni yenu, shemeji."

Kizito akazungusha kikombe. 

"Si ungetuambia tu," Kizito akasema. Sauti ilikuwa chini. "Tungekataa aje?"

"Nilituma ya kumzika Baba nikiwa nalia kwa jikoni ya watu, mkaniuliza ushahidi. Mtu anaulizwa ushahidi ya hiyo, ataambia nyinyi kitu gani ingine?"

Kizito akashika kofia akaikamua tena. Yeye ndio aliandika lile neno kwa grupu, na mimi nilikuwa hapo naona akilikumbuka.

"Na watoto?" akauliza.

"Wako na mama yangu. Wako njiani."

Hapo ndio akageuka akaniangalia mimi. Polepole. Akaangalia sahani, akaangalia mimi tena.

"Simi. Hii chapati ya tatu."

"Ilikuwa ya upendo."

"Na ng'ombe uliniuliza?"

Nikaanza kupanga kava zenye zimepangwa.

"Wewe ni mbaya, bana," akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu. Akavaa kofia yake bado imelowa, akaambia simu, "Basi wasalimie," akatoka kwa mvua bila kumaliza chai. Mlango ukabaki wazi kabisa. Ningeweza kutoka niende popote Kitale hii.

Sikutoka. Nilikaa kwa stuli yangu huko ndani kama bado amenizibia.

Rispa alikuwa bado kwa laini. Akaniambia sasa kampuni wanaweza pigia Kizito vile wanataka, hakuna kitu atasikia mpya. Tuma kila kitu, akasema. Jina langu, pasipoti, mkataba, kila kitu, pesa itoke. Yeye amemaliza kujificha. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu bwanake akiwa hai.

Basi nikafungua maswali. Mtumaji, nikajaza. Ni nani yako, nikaandika bibi ya rafiki yangu marehemu. Pesa ya nini, nikaweka mkataba. Nilikuwa naenda mbio, hata nafurahi, nikaona kumbe kulikuwa na swali ingine chini kabisa, sikuwahi fika huko kwa sababu kila siku nilikuwa nakwama kwa Kizito.

"Je, unapokea na kutuma fedha kwa niaba ya watu wengine kama biashara?"

Ndiyo. Hapana. Viduara viwili.

Nikibonyeza Hapana, nimedanganya, na wako na miezi yote ya akina mama wa Bungoma na Kitale mbele yao, dada huyu na dada yule, wanaweza hesabu. Wakinikamata na uwongo kwa karatasi ya Rispa, pesa ya Rispa inakaa ndani na mimi. Nikibonyeza Ndiyo, karatasi yake iko safi, yake itaachiliwa, lakini kazi yangu ya koini imeisha. Sina leseni. Ile leseni wanauliza ni ya watu wako na ofisi na lifti. Mimi niko na stuli. Na wale akina mama wengine wananipigia kila wiki, nitawaambia nini? Rudini kwa foleni siku ya ofu hamna?

Nimefikiria sana, kwa mtu hajazoea. Mwezi huu wote nimejiita mlinzi wa siri ya Rispa. Yake leo imeisha, ameifungua mwenyewe kwa spika. Siri yenye imebaki kwa hii duka ni yangu.

Nimebonyeza Ndiyo.

Skrini ikasema asante, tunakagua. Haikusema kitu ingine. Nilidhani hata itapiga kelele.

Kukhu amefika Kwanza na watoto, ametuma picha, mdogo amejimwagia soda yote kwa shati. Mama wa Kiminini nimempigia, amesema kama pesa inakaguliwa atangoja, lakini mwisho wa wiki ni mwisho wa wiki. Kizito hajashika simu yangu. Nitaenda Kanduyi Jumapili kumwona, na sitabeba chapati.

Jioni hii Rispa ameandika, "Na wewe Simi, utakuwa sawa?"

Nimemtumia zile katuni za kucheka mpaka machozi, tatu kwa mstari. Halafu nimekaa hapa na simu mkononi, na sicheki. Kesho nikifungua hii mlango, nafungua nikiwa nani?